The Night of the Hunter au Cape Fear: uanze na Mitchum yupi?

Robert Mitchum alicheza adui katika sinema mbili ambazo wapenzi wa sinema za zamani hawajaacha kuzitaja, na zote mbili ni nyeusi na nyeupe. Mwaka 1955 alikuwa Harry Powell, mhubiri wa uongo katika The Night of the Hunter. Mwaka 1962 akawa Max Cady, mfungwa aliyetoka jela na kisasi moyoni, katika Cape Fear. Taasisi ya Filamu ya Marekani ilipotoa orodha yake ya maadui 50 wakubwa wa sinema za nchi hiyo mwaka 2003, Cady alishika nafasi ya 28 na Powell ya 29. Wamekaa bega kwa bega, na sura ni ileile: kope nzito zilizoshuka nusu, kifua kipana, mwendo wa mtu ambaye hana haraka na lolote.

Anayetaka kuziingia sinema hizi huuliza aanze na ipi, na jibu langu nalitoa mapema. Kama una usiku mmoja tu, angalia The Night of the Hunter. Kama hujazoea sinema za zamani, au unaangalia na watu wanaotaka kushikwa tangu dakika ya kwanza, anza na Cape Fear. Sababu zangu zinatokana na aina ya hofu ambayo kila moja inakuletea, na hofu hizo mbili zinatofautiana sana.

Hadithi zenyewe, bila kufichua mwisho

The Night of the Hunter inatupeleka kando ya mto Ohio, West Virginia, katika miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ukiwa umeanguka na watu wanahangaika kupata mkate. Ben Harper, baba wa watoto wawili, ameua watu katika wizi wa benki na kurudi nyumbani na dola 10,000. Kabla polisi hawajamfikia anazificha fedha, kisha anawaapisha watoto wake, John na mdogo wake Pearl, wasimwambie mtu yeyote zilipo. Gerezani anawekwa chumba kimoja na Powell, aliyefungwa siku 30 kwa wizi wa gari. Ben analala, anaropoka usingizini, na Powell anainamisha kichwa kutoka kitanda cha juu kusikiliza. Ben ananyongwa bila kutoboa siri. Powell anatoka na kwenda moja kwa moja kumtafuta mjane.

Cape Fear inaanza katika mji mdogo wa kusini mwa Marekani. Sam Bowden ni wakili anayeheshimika, na anachezwa na Gregory Peck, ambaye ndiye steringi. Miaka ya nyuma, huko Baltimore, Bowden aliingilia kati Cady alipokuwa akimshambulia mwanamke, halafu akatoa ushahidi mahakamani. Cady amekaa jela zaidi ya miaka minane, na muda huo ameutumia kujisomea sheria. Sasa yuko nje. Kumuua Bowden angeweza, ila hicho si anachokitaka. Anataka Bowden aishi huku akijua kwamba kuna mtu anamngoja mkewe na binti yake.

Adui anayekaribishwa na adui anayejulikana

Powell anaingia mjini na suti nyeusi, kofia pana na sauti ya mimbarini, na mji mzima unamfungulia mlango. Mama mwenye duka, Icey Spoon, ndiye anayemsukuma mjane Willa aolewe naye haraka, maana anaona bahati imeshuka. Mumewe ana wasiwasi kidogo, lakini ananyamazishwa. Kikulacho ki nguoni mwako: Powell havunji mlango wala hapandi ukuta, anafunga ndoa. Anapewa kiti cha baba mezani na haki ya kuwafokea watoto. Mtu yeyote aliyekulia mahali ambapo mgeni mwenye Biblia hupewa chai kabla hajaulizwa ametoka wapi ataielewa sinema hii haraka kuliko wakosoaji wengi walioiandika.

Anayejua ukweli ni John peke yake. Tunaiona hadithi kwa macho yake, na uzito wote uko hapo. Akisema, haaminiki. Akinyamaza, anabaki nyumba moja na mtu anayemuuliza kila siku fedha ziko wapi, kwa upole mbele za watu na kwa meno yaliyokazwa wakiwa wawili. Mzee Birdie wa kule mtoni amemwahidi John kwamba akipata shida akimbilie kwake. Siku shida inapofika, mzee amelewa chakari, hajitambui. Sijui sinema nyingine iliyoonyesha upweke wa mtoto mbele ya watu wazima kwa ukali namna hii.

Cady ni kinyume chake. Huyu kila mtu anamjua alivyo. Mkuu wa polisi anajua, wakili anajua, sisi tunaoangalia tunajua tangu anapopanda ngazi za mahakama na kumpita mwanamke aliyedondosha kitabu bila hata kumtupia jicho. Dakika chache baadaye anaingiza mkono ndani ya gari la Bowden na kuchomoa ufunguo, taratibu, kana kwamba gari ni lake. Hakuna kelele wala ngumi, na tayari umeshajua nani ameshika usukani wa hadithi.

Hofu ya Cape Fear iko kwenye swali la sheria. Mbwa wa familia anakufa kwa sumu, lakini nani aliyeiona sumu ikiwekwa? Polisi wanamkamata Cady wakidhani watamtimua mjini kwa kosa la uzururaji, kumbe ana fedha benki na kitabu cha kuthibitisha. Wanamvua nguo kumpekua, naye anasimama pale na kofia kichwani akiwatazama kama wao ndio washtakiwa. Mwanamke mmoja, Diane Taylor, anapigwa na kudhalilishwa na Cady vibaya mno, kisha anakataa kutoa ushahidi. Hawezi kustahimili habari zake kusomwa na kila mtu, anapanda basi na kuondoka. Cady alijua atakataa. Kisomo chake cha gerezani kilikuwa cha hilo hasa: kujua sheria inafika wapi na inaishia wapi, kisha kusimama hatua moja nje ya mpaka.

Ndipo Bowden, mtu wa sheria, anaanza kuteleza. Anakodi mpelelezi, halafu anakodi watu wa kumpiga Cady kwa minyororo. Kwangu mimi huo ndio utamu wa sinema hii kuliko vitisho vyenyewe: kumtazama Peck, aliyezoeleka kama sura ya uadilifu, akihesabu kimoyomoyo ni kiasi gani cha uadilifu yuko tayari kukiuza ili mwanawe alale salama. Anayependa kesi, mawakili na maswali ya haki atakaa vizuri zaidi na Cape Fear.

Mtu mmoja, uigizaji wa namna mbili

Katika The Night of the Hunter Mitchum anaigiza kwa sauti kubwa na mikono. Kwenye vidole vyake kumechorwa herufi: mkono wa kulia neno la upendo, wa kushoto neno la chuki. Mbele ya wanakijiji anaishikanisha mikono hiyo na kuipiganisha mieleka, akisimulia vita ya wema na ubaya hadi upendo ushinde. Watu wanafurahi kama wako kwenye mkutano wa injili. John anatazama mikono tu. Powell anazungumza pia na Mungu akiwa peke yake garini, kwa kirafiki, akijaribu kukumbuka ni wajane wangapi ameshawaua, idadi imempotea. Hapo ndipo inapoeleweka kwamba unafiki wake si wa kawaida, maana anaamini kweli kwamba Mungu ndiye anayemtuma. Mwandishi wa riwaya ambayo sinema imetokana nayo, Davis Grubb, alichota kwenye kisa cha kweli: Harry Powers, muuaji aliyewinda wajane wenye fedha na kunyongwa West Virginia mwaka 1932.

Katika Cape Fear Mitchum anapunguza kila kitu. Sigara kubwa mdomoni, kofia ya majani, macho yanayokaa juu ya mtu sekunde mbili zaidi ya yanavyopaswa. Sauti yake haipandi karibu sinema nzima. Sehemu ya nje ilipigwa Savannah, Georgia, mji ambao Mitchum mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kukamatwa humo akiwa kijana, kwa uzururaji, na kupelekwa kufanya kazi ngumu na wafungwa wa minyororo. Siwezi kupima hilo liliingia kiasi gani kwenye uigizaji wake, ila ukiangalia anavyowatazama polisi wa mji ule, dharau ile haina chembe ya kuigiza.

Ukiniuliza nani anatisha zaidi akiwa amesimama mbele yako, nitasema Cady. Nani anabaki kichwani mwaka mzima, Powell.

Picha, na hapa tofauti ni kubwa

Mwongozaji wa The Night of the Hunter ni Charles Laughton, mwigizaji maarufu mzaliwa wa Uingereza, na hii ndiyo sinema pekee aliyowahi kuiongoza. Mpiga picha wake alikuwa Stanley Cortez. Kabla ya kuanza, Laughton alizirudia sinema za kimya za mwongozaji wa zamani D. W. Griffith, kisha akamchukua Lillian Gish, nyota wa sinema zilezile za kimya, kuwa bibi Rachel Cooper. Sinema inaanza na Gish mwenyewe, uso wake ukiwa kati ya nyota za angani, akiwasomea watoto Maandiko: jihadharini na manabii wa uongo, wanaowajia wamevaa mavazi ya kondoo. Anayetegemea uhalisia atashangaa. Laughton anatengeneza ngano, na nyumba, mto na mwezi vyote vimekaa kama mtoto anavyoviona akiwa na hofu.

Tazama usiku ule wa kwanza Powell anapofika. John anamsimulia Pearl hadithi ya kulala, habari za mfalme na watu wabaya. Mwanga wa taa ya barabarani umeingia dirishani na kukaa ukutani. Mara kivuli cha mtu mwenye kofia kinaujaza mwanga ule. John anakwenda dirishani: nje kuna mwanamume kasimama chini ya taa, tuli. Halafu anaondoka huku akiimba wimbo wa kanisani, Leaning on the Everlasting Arms, wa mwaka 1887. Hakuna kilichotokea. Lakini kuanzia hapo kila ukiusikia wimbo ule mwili unasisimka, na Laughton anautumia kwa akili sana: usiku, watoto wamejificha juu ya zizi, sauti inasikika kwanza mbali, ndipo mpanda farasi anatokea kwenye upeo wa macho, mdogo kama kidole. Farasi yule kwa kweli alikuwa farasi mdogo, na aliyempanda ni mtu mfupi, ili mandhari ya studio ionekane pana na ya mbali. Ujanja rahisi, na mpaka leo unafanya kazi.

Aya hii inafichua jambo la katikati ya hadithi, asiyetaka kulijua aruke. Kuna picha ya chini ya maji, gari limezama mtoni, na Willa ameketi ndani amekufa, nywele zake zikipepea na majani ya mto kwa mwendo mmoja. Ni sanamu yenye sura ya mwigizaji Shelley Winters. Picha ni nzuri kupita kiasi, na uzuri huo ndio unaotia baridi, kwa sababu jicho linataka kuendelea kutazama jambo ambalo moyo unalikataa.

Cape Fear haina picha za kiwango hicho, wala haikuzikusudia. J. Lee Thompson, naye mzaliwa wa Uingereza, alikuwa ametoka kumwongoza Peck katika The Guns of Navarone mwaka 1961. Anapiga picha zake safi, za mchana mkali, barabara za mji, bandari ya boti, shule. Hapo ndipo alipofaulu: hatari inatembea juani mbele ya watu. Giza linakuja mwishoni, kwenye boti ya kuishi katika mto Cape Fear, na hapo Thompson anaachia kila alichokuwa akikizuia. Cady anavua shati na kuingia majini bila mlio. Kisha kuna tendo moja dogo ndani ya boti, mbele ya mke wa Bowden anayechezwa na Polly Bergen. Cady anachukua yai bichi, analiponda mkononi, na kumpaka mwanamke yule kifuani na mabegani huku akimsemesha kwa sauti ya chini. Yai tu. Tendo hilo Mitchum alilibuni palepale, na hofu unayoiona usoni kwa Bergen ina ukweli mwingi ndani yake.

Muziki wa Cape Fear ni wa Bernard Herrmann, na ni muziki usiokuuliza kama uko tayari: noti nne nzito zinashuka tangu majina ya mwanzo. Wapo wanaoupenda kuliko sinema yenyewe. Kwangu unazidi kidogo mahali pengine, unakuambia uogope wakati Mitchum ameshakuogopesha. Laughton alijua kunyamaza.

Udhaifu wa kila moja

The Night of the Hunter itakupoteza kama huna subira na mtindo wake. Mara mbili tatu Powell anageuka karibu kuwa katuni, analia kama mnyama, anakimbia mikono mbele, na hujui kama ucheke. Sehemu ya mwisho, kwa bibi Rachel, inabadili mwendo kabisa; kutoka kwenye kufukuzwa unajikuta ndani ya hadithi ya Krismasi na mafundisho. Mimi nampenda Gish pale, ameketi kwenye kiti cha kubembea, bunduki mapajani, akiitikia wimbo wa Powell aliyeko nje na kulitia jina la Yesu ambalo Powell analiruka. Lakini naelewa anayeona kasi imekufa. Watazamaji wa 1955 hawakuipokea. Ilianguka sokoni, Laughton hakuongoza tena, na alifariki mwaka 1962, mwaka uleule Cape Fear ilipotoka. Heshima ilikuja baadaye, na mwaka 1992 iliingizwa katika orodha ya sinema zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Cape Fear inakosea kwa wanawake wake. Mke na binti karibu kazi yao yote ni kuogopa na kulindwa; Nancy, yule binti, hana jambo lake mwenyewe isipokuwa kukimbia. Diane Taylor, mwanamke mwenye mengi zaidi ya kusema, anaonekana kwa muda mfupi na kuondoka. Halafu kuna udhibiti wa enzi zile: kosa ambalo Cady anatishia kulifanya halitajwi kwa jina, na huko Uingereza wakaguzi waliikata zaidi kabla ya kuiruhusu. Mazungumzo mengine yanazunguka jambo ambalo kila mtu amelielewa.

Basi uchague vipi

Anayependa kisa kilichonyooka, kinachobana taratibu mpaka mwisho, achukue Cape Fear. Ina dakika 106 na hazichoshi. Inafaa sana kuangaliwa na watu wazima wenzako, kwa sababu mtabishana: wewe ungekuwa Bowden ungefanya nini? Ungengoja polisi? Nimeona ubishi huo ukidumu kuliko sinema yenyewe.

Anayependa ushairi, nyimbo, au aliyewahi kuwa mtoto asiyeaminiwa, achukue The Night of the Hunter. Ni fupi zaidi, saa moja na nusu hivi. Iangalie usiku taa zikiwa zimezimwa, kwenye skrini kubwa kadiri unavyoweza kupata. Kwenye simu juani vivuli vya Cortez vyote vinageuka uji mweusi na utajiuliza watu wanasifia nini. Washa maandishi ya chini kwenye zote mbili, kwa sababu lafudhi za kusini ni nzito na Cady anameza maneno.

Watoto wadogo wasiangalie yoyote. Watu hudhani ya mwaka 1955 ni salama kwa vile ina watoto, wanyama wa mtoni na mwisho wa Krismasi. Hiyo ndiyo itakayowaamsha usiku, kwa sababu inazungumza nao moja kwa moja. Aliyepitia dhuluma ya kijinsia naye ajihadhari na Cape Fear. Hakuna kinachoonyeshwa wazi, lakini tishio haliondoki kwenye skrini.

Wengi wataniuliza kuhusu Cape Fear ya 1991, ya rangi, iliyoongozwa na Martin Scorsese na Robert De Niro akiwa Cady. Iache mpaka uone ya 1962. Ile mpya imembadilisha Bowden akawa wakili wa Cady mwenyewe, aliyeficha ushahidi ambao ungemsaidia mteja wake, na hapo kisasi cha Cady kinapata mguu wa kusimamia. Mitchum na Peck wote wawili wamo, katika nafasi ndogo: Mitchum ni polisi, Peck ni wakili anayemtetea Cady. Usipowajua kwenye sinema ya kwanza utawapita kama wazee wawili tu.